Udi, krar na ikembe jukwaa moja: nani anamfuata nani kwenye kutyuni?

Watu wakiona Mmisri, Muethiopia, Mganda na Mrundi wanapiga muziki pamoja wanashangilia umoja, na ni kweli inapendeza, ila mimi kazi yangu ni kupanga muziki na kutyuni vyombo, yaani kuvilinganisha sauti, huku Mwanza, kwa hiyo swali langu huwa lilelile tu, nyuzi za nani zimekazwa kumfuata nani? Maana lazima kuna mtu kahama kutoka tyuni yake.

Mfano naoupenda ni Nile Project, kundi la wanamuziki wa nchi za mto Nile. Wazo lilianza 2011 huko California, Mina Girgis ambaye ni mtaalamu wa muziki kutoka Misri na Meklit Hadero, mwimbaji mzaliwa wa Ethiopia, wakaona watu wa mto mmoja hawasikilizani muziki wao kabisa. Bonde la Nile lina nchi 11, na sisi Tanzania tumo kupitia Ziwa Victoria, na mwaka huohuo Ethiopia ndo ilianza kujenga lile bwawa kubwa lililoleta mvutano na Misri. Januari 2013 wanamuziki wakakaa Aswan, Misri, wakatunga pamoja, ikatoka albamu ya Aswan, baadaye ikaja nyingine inaitwa Jinja. Humo utamkuta Alsarah wa Sudan, Dina El Wedidi wa Misri, Kasiva Mutua wa Kenya kwenye ngoma, Steven Sogo wa Burundi, Sophie Nzayisenga wa Rwanda na inanga yake, ile iliyokaa kama sinia refu la mbao na uzi mmoja unaokwenda na kurudi.

Sasa msije mkalinganisha na bendi zetu za dansi. Les Wanyika walipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 pale Nairobi walikuwa mchanganyiko pia, Watanzania na Wakenya, lakini wale gitaa lilikuwa limeshawasuluhisha zamani, solo, ridhimu na besi zote freti zake, vile vyuma vya shingoni vinavyopanga noti, ni zilezile, we unabishana tu nani aingie saa ngapi. Huku kwenye Nile hata sauti yenyewe ya "mi" watu hawajakubaliana iko wapi.

Nieleze hapo maana ndo penyewe. Kwenye kinanda kati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu, hakuna kitu, ukitoka huku umeingia kule. Mwarabu anacho kitu hapo katikati, na waliokulia kwenye taarabu wanakijua kwa sikio hata kama hawajawahi kukiita jina, ni ile noti ya rasti na bayati, skeli za Kiarabu, inayokufanya ufumbe macho. Udi, kile chombo cha nyuzi cha Kiarabu, hauna freti, fidla haina freti, kidole kinateleza kinaipata. Krar, kinubi kidogo cha Ethiopia, ina nyuzi tano au sita na zote zimeshapangiwa skeli ya noti tano, mfano tizita ile ya furaha ni do re mi sol la basi, na hiyo mi yake siyo mi ya rasti. Zikigongana kwa pamoja, msikilizaji hatajua kosa liko wapi ila atahisi kuna mtu mgonjwa humo ndani.

Mimi huwa nafanya hivi. Kwanza natafuta chombo kigumu kuhama kuliko vyote, mara nyingi ni ikembe, kile kiboksi cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, maana ili kubadilisha noti inabidi usukume vile vijiti vya chuma kimoja kimoja mbele au nyuma, na ukigusa kimoja cha jirani nacho kinatikisika. Huyo ndo bosi. Wengine wote wanamfuata. Kinachofuata natafuta noti za pamoja, na rasti ya do na tizita ya do zinakutana kwenye do, re, sol na la, noti nne nzima, wimbo unatosha kabisa! Ile mi naiacha kwa udi na sauti ya mwimbaji, krar ikifika hapo inaruka. Msikilizaji anadhani ni mtindo.

Adungu, kinubi cha Waalur wa Uganda, ndo mpatanishi wa asili siku hizi, kwa sababu nyingi zinatengenezwa kwa seti na kutyuniwa do re mi ya kinanda, na seti ina mpaka adungu ya besi. Wazee wengine hawaipendi hiyo tabia na ninawaelewa.

Upande wa mapigo kelele huwa ni kidogo zaidi. Ngoma nyingi za huku maziwa makuu zina mapigo madogo 12, ukiyagawa matatu matatu unapata makubwa manne, ukiyagawa manne manne unapata matatu, na midundo ya sita ya Ethiopia inaingia humo mara mbili bila kuvunjika. Mbishi ni maksumu, mdundo wa Misri, dum-tak, tak-dum-tak, maana yenyewe inagawa kwa mbili mbili. Hapo mnashikilia yale makubwa manne tu, dumbaki, ile ngoma ya Kiarabu, ipunguze vipambo, na mtu wa besi asijifanye solo.

Halafu kuna undugu ambao wengi hawaujui, kile kinubi cha nyuzi chenye mikono miwili na mti juu kipo mto mzima. Simsimiyya huko Suez na Port Said, krar Ethiopia, endongo ya Baganda yenye ngozi ya kenge, nyatiti ya Wajaluo ya nyuzi nane, litungu la Wakurya wetu hapo Tarime. Kwa hiyo vidole vinaelewana haraka kuliko masikio, mpiga krar ukimpa litungu baada ya dakika chache keshapata pa kushika.

Kwenye shoo sasa, panga nyimbo kwa tyuni, zile za skeli moja zipigwe mfululizo, na mpiga krar aje na krar mbili, maana akianza kukaza nyuzi kati ya wimbo na wimbo mbele ya taa za moto nyuzi zinalegea tena kabla hajamaliza.