Kabla Hujaamini Jumla: Ripoti Yako Inahesabuje?

Watu wawili wa ofisi moja wanaweza kuchota data ileile, kwenye hifadhidata ileile, asubuhi ileile, wakaingia kikaoni na namba mbili tofauti za mauzo ya mwezi. Kinachofuata mara nyingi ni lawama: huyu kachuja vibaya, yule kafuta kitu. Ukizifungua ripoti zote mbili unakuta hakuna aliyefuta chochote. Mmoja aliiacha programu ihesabu kwa namna ilivyozoea, mwenzake akabadilisha mpangilio mmoja katika menyu ndogo ambayo wengi hawajawahi hata kuibofya. Menyu hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Kujumlisha data, katika programu za ripoti, si kutafuta jumla tu. Ni kitendo chochote cha kuchukua mistari mingi na kutoa namba moja: jumla, wastani, idadi ya mistari, idadi ya thamani bila kurudia, thamani ndogo kuliko zote, kubwa kuliko zote, au mediani, yaani ile inayokaa katikati ukizipanga kwa ukubwa. Programu haiwezi kukuonyesha mwaka mzima kwa mstari mmoja bila kutumia mojawapo. Usipochagua wewe, itachagua yenyewe.

Nayo huchagua kwa kuangalia umbo la data, si maana yake. Power BI, programu ya ripoti ya Microsoft, ikikuta safu wima ya namba, kwa kawaida huiwekea alama ya sigma (Σ, ishara ya jumla) na kuwa tayari kuijumlisha. Ndiyo maana mtu huvuta safu ya mwaka akaiweka kwenye jedwali, kisha akaona 6066 chini yake: ni 2021, 2022 na 2023 zimejumlishwa kana kwamba ni fedha. Tableau, programu nyingine ya ripoti, nayo huanza na jumla kwa safu za namba inazozihesabu kuwa vipimo. Excel ina kituko chake. Ukitengeneza jedwali la pivoti, yaani jedwali linalofupisha mistari mingi kwa makundi, na safu unayoiweka upande wa thamani ikawa na maandishi hata kwenye seli moja, inaacha kutoa jumla na kuanza kuhesabu seli. Neno "bado" aliloliandika mtu wa hesabu mahali palipostahili kiasi linatosha kugeuza ripoti ya mauzo kuwa ripoti ya idadi ya ankara.

Makosa ya namna hiyo hayana madhara makubwa, kwa kuwa yanaonekana. Ya kuogopwa ni yale yanayotoa namba inayofanana na ukweli.

Chukua idadi ya bidhaa zilizobaki stoo kila jioni: Jumatatu 400, Jumanne 380, Jumatano 350, Alhamisi 500 baada ya mzigo kuingia, halafu 470, 440 na 420. Programu ikiambiwa itoe jumla ya wiki itasema 2,960. Stoo hiyo haijawahi kuwa na bidhaa 2,960. Bidhaa zilezile zimehesabiwa jioni baada ya jioni. Kilichotakiwa ni thamani ya mwisho wa kipindi, 420, au wastani wa wiki kama swali ni nafasi inayotumika. Lakini angalia upande wa pili: stoo tatu zikiwa na 420, 300 na 150 jioni hiyohiyo, kuzijumlisha ni sahihi kabisa. Namba za aina hii, pamoja na salio la akaunti na idadi ya wafanyakazi, hujumlishika kati ya mahali na mahali, hazijumlishiki kati ya siku na siku. Mauzo hujumlishika pande zote. Asilimia na bei ya kipande kimoja hazijumlishiki upande wowote. Kwa maoni yangu, mtu akishika tofauti ya makundi haya matatu ameshapita nusu ya safari, hata kama hajui programu yoyote kwa undani.

Asilimia zinastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu hapo hata wazoefu huteleza. Tawi la kwanza limepokea wageni 1,000, wakanunua 100. Hiyo ni asilimia 10. Tawi la pili limepokea wageni 20, wakanunua 10, asilimia 50. Programu iliyowekwa kwenye wastani itakuandikia asilimia 30 kwa matawi yote mawili, na hakuna atakayeshtuka, kwa kuwa 30 iko katikati kweli. Lakini wageni walikuwa 1,020 na walionunua 110, kwa hiyo jibu ni takribani asilimia 10.8. Tawi dogo limepewa kura sawa na kubwa. Dawa yake ni kutoihifadhi asilimia kama safu ya kujumlishwa. Hifadhi walionunua na wageni, jumlisha kila kimoja, halafu gawanya mwishoni kabisa, katika kila ngazi ya ripoti. Programu nyingi zina mahali pa kuandika kanuni ya namna hiyo, na dakika tano za kuiandika ni rahisi kuliko mwaka wa kuamini asilimia 30.

Kuna malalamiko mengine yanayotufikia mara nyingi: "Jumla ya chini hailingani na mistari ya juu." Mwezi wa kwanza wateja 300, wa pili 280, jumla 410. Mtu anatoa kikokotoo, anapata 580, anasema programu imeharibika. Haijaharibika. Imewekwa kuhesabu wateja bila kurudia, na wateja 170 walinunua miezi yote miwili. Katika programu nyingi mstari wa jumla hausomi mistari iliyo juu yake; hurudi kwenye data ghafi na kuhesabu upya. Kwa wateja, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wataalamu wa hifadhidata waliliweka wazi jambo hili zamani. Mwaka 1996 Jim Gray na wenzake walizigawa njia za kujumlisha katika makundi matatu. Kuna zinazoweza kujengwa juu ya majibu madogo moja kwa moja, kama jumla. Kuna zinazohitaji majibu madogo mawili au zaidi yatunzwe, kama wastani, unaodai jumla na idadi. Na kuna zisizokubali mkato, kama mediani: ukiwa na mediani ya kila mwezi peke yake, huwezi kupata ya mwaka. Kwa hiyo ukipewa faili lililokwisha kufupishwa kwa mwezi, kuna maswali ambayo faili hilo haliwezi kuyajibu hata ubadilishe mpangilio upi. Omba data za ngazi ya chini.

Seli tupu nazo zina mambo yake. Ukiwa na 10, 20, 30 na seli mbili tupu, wastani kwa kawaida huwa 20, kwa kuwa tupu hurukwa. Mtu akizijaza sifuri, wastani unashuka hadi 12. Lipi ni sahihi? Inategemea kama siku hizo hakukuwa na mauzo au hakukuwa na taarifa, na hilo analijua aliyeingiza data, si programu.

Kuunganisha majedwali ni mtego mwingine. Oda yenye gharama ya usafiri 50 na bidhaa tatu ikiunganishwa na jedwali la bidhaa, ile 50 hujiandika mara tatu, na jumla inakuwa 150. Ukiona gharama zimepanda ghafla baada ya kuongeza jedwali jipya kwenye ripoti, anzia hapo.

Namna ya kukagua ni ya kizamani, nami siioni ikibadilishwa na kitu kingine hivi karibuni: chuja ripoti hadi ibaki oda moja au siku moja, hesabu kwa mkono, linganisha, kisha panua hadi wiki na mwezi. Namba inapoacha kulingana, ngazi hiyo ndiyo yenye mpangilio wa kuangaliwa. Safu za mwaka, msimbo wa bidhaa na namba ya mteja zizimie ujumlishaji kabisa kabla ya kuanza. Na chini ya kila namba inayopelekwa kikaoni andika mstari mmoja mdogo unaosema imehesabiwaje: jumla au wastani, wateja bila kurudia au oda zote, seli tupu zimerukwa au zimefanywa sifuri, wiki inaanza Jumatatu au Jumapili, na siku imefungwa kwa saa za eneo gani. Hilo la mwisho huonekana dogo, mpaka oda za usiku wa tarehe 31 ziingie mwezi huu kwenye ripoti moja na mwezi ujao kwenye nyingine.