Almasi haijaribiwi kwa nyundo, na bei yake haitoki kwenye mizani peke yake

Malalamiko tunayopokea sisi wathamini wa almasi siku hizi yanafanana karibu yote: mtu kaleta jiwe, kaambiwa thamani ndogo kuliko alivyotegemea, akatoka akisema wathamini wamemdhulumu. Uchungu wake tunauelewa, ila mengi yanaanzia kwenye maneno aliyoyasikia kabla hajatufikia, kwa hiyo tuyaweke sawa.

Kwanza, almasi haitokani na makaa ya mawe, hili tumelisema mpaka basi. Makaa ni mabaki ya mimea, na almasi nyingi zina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, yaani zilikuwepo kabla nchi kavu haijaota hata mti mmoja. Ni kaboni iliyobanwa kwenye kina cha kilomita 150 mpaka 200 hivi, chini ya sehemu kongwe za mabara, joto likiwa zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi. Baadaye volkano inayoanzia huko huko chini ndo inazipandisha, ndani ya mwamba unaoitwa kimberlaiti, na inazipandisha haraka, maana zingechelewa njiani zingegeuka grafaiti, ile kaboni laini ya kwenye penseli.

Ndo maana zipo Mwadui, zipo Jwaneng kule Botswana, zipo Yakutia Urusi na kaskazini ya Kanada, lakini hazipo kila penye mlima wa volkano. Na ukikuta kimberlaiti usishangilie bado, nyingi hazina almasi za kutosha kuchimbwa. Zingine maji yamezibomoa miaka mingi mawe yakasombwa, Namibia wanatoa almasi mpaka chini ya bahari kwa sababu Mto Orange ulizibeba hadi Atlantiki.

Sasa nyundo, maana wapo wanaoligonga jiwe wakiamini almasi ya kweli haivunjiki. Jamani, acheni nyundo! Almasi ni ngumu kukwaruzwa, sio ngumu kuvunjika, ina mielekeo minne inayopasukia kirahisi ukiigonga vibaya. Tunaletewa jiwe lina ufa mpya, kingo bado kali, ukilitazama kwa lenzi ya mara kumi unaona ufa umeingia mpaka katikati, na mwenyewe anasema alikuwa analihakiki tu. Hapo thamani imeshaondoka na hakuna mthamini wa kuirudisha.

Kwenye thamani yenyewe, karati moja ni gramu 0.2, lakini almasi ghafi hatuithamini kwa uzito wake wa leo, tunaangalia kitakachobaki ikishakatwa. Almasi ya pinki iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, ilipokatwa ikabaki 23.6. Kwa hiyo tunaangalia umbo, rangi, nyufa na uchafu wa ndani umekaa wapi, kama upo pembeni utaondoka na mkato, kama upo katikati jiwe inabidi ligawanywe. Na bei ya kila karati inapanda kadiri jiwe linavyokuwa kubwa, mawe mawili ya karati moja hayafiki bei ya jiwe moja la karati mbili lenye sifa zilezile, hata mizani ikisoma sawa.

Kuhusu kusafirisha naomba msome polepole. Tangu 2003 almasi ghafi haivuki mpaka bila cheti cha Mchakato wa Kimberley, yaani utaratibu wa kimataifa wa kuzuia almasi zinazofadhili vita. Cheti kina namba yake, tarehe ya mwisho wa matumizi, uzito kwa karati, thamani kwa dola, jina la anayetuma na anayepokea, na mzigo unakuwa kwenye kifungashio kilichopigwa lakiri. Lakiri ikikatwa njiani, au uzito usipolingana na cheti, mzigo unazuiliwa, na kwa sheria za nchi husika unaweza kutaifishwa na mhusika akashtakiwa. Jiwe moja la mfukoni nalo ni mzigo. Zilizokwisha kukatwa na zile zilizotengenezwa maabara haziingii kwenye utaratibu huu.

Hizo za maabara ni almasi kweli, zinatengenezwa kwa wiki chache na bei yake iko chini sana. Kile kikalamu cha madalali, kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto, hakiwezi kuzitofautisha na za ardhini, na hata moisanaiti, ambayo sio almasi kabisa, inafaulu kipimo hicho, kwa hiyo dalali akikuonyesha taa ya kikalamu imewaka usitoe hela kwa hilo tu.

Ukileta mawe, kila moja lifunge kwenye karatasi yake, maana almasi inakwaruzwa na almasi mwenzake. Upimaji ufanyike mbele yako, omba karatasi yenye uzito, rangi na usafi, na usiporidhika omba mthamini wa pili kabla hujasaini.