Kisiwa cha mbali kwa mara ya kwanza: uliza upepo kabla ya bei

Wateja wengi hunijia ofisini hapa mjini na picha kwenye simu: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, maji ya samawati. Picha ni za kweli, ila hazisemi zilipigwa mwezi gani, wala kama maji yalikuwa yamejaa. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia pesa nauliza: likizo yako ni lini?

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, na anayepiga mbizi huona mbali. Kusi hushika Aprili au Mei hadi Septemba, na mwanzo wake huambatana na masika. Sasa, mzazi wa Nairobi hupata nafasi shule zikifungwa: Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili simpeleki mtu Pemba wala Mafia hata anibembeleze. Agosti inawezekana, mradi uchague upande wa kisiwa uliojikinga. Hata Ushelisheli ni vivyo hivyo. Kule La Digue, ufuo wa Grand Anse hutazama kusini-mashariki na mikondo yake ni ya hatari wakati wa kusi, ilhali Anse Source d'Argent, upande wa magharibi, mwamba huyavunja mawimbi kabla hayajafika.

Halafu kuna bamvua, ambayo matangazo ya hoteli hayaitaji kabisa. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, katika pwani ya Afrika Mashariki tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Aliyelipia chumba kinachotazama bahari huamka akakuta mchanga mtupu na mwani hadi mbali. Asiyejua kuogelea hufurahi. Anayejua hunipigia simu.

Wapo wanaotaka umbali wenyewe. Huniuliza Aldabra, kisiwa cha mbali cha Ushelisheli chenye kobe wakubwa, kilichoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, na hakina hoteli. Nawaambia waanze na Mahé. Pemba nayo ni tamu kwa mpiga mbizi mzoefu, maana kina huanza karibu na mwamba na mikondo ina nguvu, lakini anayetaka fuo ndefu za kutembea atachoka haraka: sehemu kubwa ya ukingo wake ni mikoko.

Kwa mgeni wa kwanza mimi huchagua Mafia, mwishoni mwa mwaka. Papa potwe hukaribia pwani ya Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kati ya Oktoba na Machi wakifuata vijidudu vya baharini, na matumbawe ya kusini yamo ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1995. Unaruka Nairobi hadi Dar es Salaam, kisha ndege ndogo kama nusu saa. Mkenya hahitaji viza, ila beba cheti cha homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Begi liwe laini, kwani ndege hizo mara nyingi hukubali kilo 15 tu. Pesa taslimu toa Dar. Na usipange kutoka Kilindoni na kuunganisha ndege ya Nairobi siku hiyohiyo: mvua ikifunga uwanja, tiketi ya pili imekwenda. Lala Dar usiku mmoja.