Kuvu ukutani si kosa la mpangaji kila mara
Ujumbe unaozungushwa tena na tena katika makundi ya wapangaji nchini Kenya hudai kuwa kuvu ikiota ukutani, mwenye kosa ni mpangaji asiyefungua madirisha. Si hivyo kila mara. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mwenye nyumba kuhakikisha kwamba nyumba inafaa kukaliwa na watu muda wote wa upangaji, kwa hiyo paa linalovuja kwa kawaida ni jukumu lake. Watu huchanganyikiwa kwa kuwa mvuke wa jikoni na nguo zinazoanikwa ndani pia huleta kuvu, na hapo mpangaji ana sehemu yake. Ili kupambanua, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa siku mbili: unyevu ukijikusanya nyuma yake, unatoka ukutani; ukiwa mbele, ni mvuke wa chumbani. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.