Kuonekana na kupatikana ni mambo mawili: dhana potofu za wafanyabiashara wa Kisumu kuhusu mtandao

Jumapili, soko la Kibuye hufurika watu. Fundi wa vitanda aliyepanga kazi yake kando ya barabara hana haja ya kumtangazia mtu kwamba yupo. Mteja anapita mbele yake akienda kuchagua mitumba. Shida huanza Jumanne usiku, pale mtu aliyehamia Mamboleo juzi na anayelala kwenye godoro sakafuni anaposhika simu na kuandika "kitanda cha mbao Kisumu". Mara nyingi anachopata ni duka la Nairobi. Fundi wetu yuko kilomita chache tu kutoka hapo, na ana wafuasi elfu tatu kwenye Facebook.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wenye biashara ndogo hapa mjini kupanga mambo yao mtandaoni, wengine wakinilipa kwa kile wanachouza (nimekula samaki wengi, ngege hasa, kwa njia hii). Bidii wanayo, tena nyingi. Wanachoma bando na pesa ili waonekane na watu ambao hawatafuti kitu chochote, na yule anayewatafuta usiku huo hana pa kuwapata. Nyuma ya hasara hiyo kuna imani chache ambazo nazisikia kila wiki, karibu kwa maneno yale yale.

"Bila tovuti, mimi sipo mtandaoni"

Kinyozi wa Manyatta hahitaji tovuti. Anachohitaji kwanza ni wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea pamoja na ramani, saa za kufungua na nambari ya simu. Zamani ulikuwa ukiitwa Google My Business. Tangu mwisho wa 2021 unaitwa Google Business Profile. Kuufungua ni bure, na unaweza kufanya kazi yote kwa simu yako ukiwa na akaunti ya Gmail.

Google itataka uthibitishe kwamba biashara ni yako kweli. Siku hizi mara nyingi huomba video: unaonyesha barabara na majirani zako, kisha bango lako, kisha jambo linalothibitisha kwamba wewe ndiwe mwenyewe, kwa mfano kufungua kufuli la duka. Wengi hukwama hapo kwa sababu hawajawahi kuweka bango. Tafuta fundi wa kuandika, apake ubao jina la biashara yako, kisha uandike jina hilo hilo kwenye wasifu, herufi kwa herufi.

Nasisitiza jina kwa sababu kuna ujanja unaozunguka mjini. Mtu anaambiwa aandike "Saluni Bora Bei Nafuu Rasta Kusuka Kondele Kisumu" ndipo atokee juu. Masharti ya Google yanataka jina lile lile linalotumika kwenye biashara yenyewe, na wasifu wenye jina la kurefusharefusha unaweza kusimamishwa. Maneno hayo yana mahali pake: kwenye aina ya biashara, orodha ya huduma na maelezo. Huko ndiko useme unasuka rasta, unaosha nywele, unafungua hadi saa ngapi.

Kwenye maelezo hayo andika kama wateja wako wanavyosema. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kila mtu hapa anaiita Russia, jina lililobaki tangu ilipojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ukiwa jirani yake, taja majina yote mawili. Mgeni atatafuta lile rasmi, mwenyeji atatafuta lile la mtaani.

Halafu angalia pini, ile alama inayoonyesha mahali ulipo kwenye ramani. Nimeona duka la vipuri vya pikipiki ambalo kwenye ramani lilikuwa ndani ya Ziwa Victoria, mita chache kutoka ufukweni, na mwenyewe alikuwa amekaa mwaka mzima akijiuliza kwa nini wateja wanapiga simu kuuliza njia. Kwenye vichochoro vya Nyalenda visivyo na majina, Google Maps hukupa pia Plus Code, herufi na tarakimu chache zinazoonyesha mahali ulipo. Mtumie mwendesha boda hiyo na hatazunguka.

Na kama huna duka? Fundi bomba, mpishi wa sherehe, anayeosha makochi nyumbani kwa watu, wote wanaruhusiwa kuficha anwani na kutaja maeneo wanayohudumia, hadi maeneo 20. Wengi wao huniambia "sina pahali, kwa hivyo hiyo hainihusu", na hapo wanajinyima bure.

Tovuti ina kazi yake, bila shaka: hoteli inayosubiri wageni kutoka nje, kampuni inayoomba zabuni, mtu anayeuza vikapu vya makuti hadi ng'ambo. Ukifika hapo, hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwako wewe. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na kuuzwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa, na aliyeandikwa kama mwenye jina ndiye mwenye kauli. Namjua mshonaji wa sare za shule aliyejengewa tovuti nzuri na kijana mmoja. Kijana akapata kazi Mombasa, akabadilisha nambari ya simu, na jina la tovuti likaisha muda likiwa bado kwenye barua pepe ya kijana. Kadi zote alizochapisha mama yule zinapeleka watu kwenye ukurasa mtupu.

"Ukilipa, Google itakuweka wa kwanza"

Dhana hii inawalisha watu. Mtu anaingia dukani na kompyuta begani, anaahidi ukurasa wa kwanza kwa siku saba, anachukua kitu kidogo cha kuanzia na nywila yako juu yake.

Google yenyewe imesema wazi kwamba nafasi bora kwenye matokeo ya ramani haiuzwi. Inapanga kwa mambo matatu: ulinganifu, yaani biashara yako inafanana kiasi gani na alichoandika mtafutaji, umbali kati yako na yeye, na umaarufu, yaani unavyojulikana, kuanzia maoni ya wateja hadi kutajwa kwenye kurasa nyingine. Umbali huwezi kuubadilisha. Aliyesimama Nyamasaria ataonyeshwa gereji za Nyamasaria kwanza, hata kama wewe wa Obunga ni fundi kumshinda yeyote. Yanayobaki mikononi mwako ni yale mawili mengine.

Matangazo ya kulipia yapo, nayo hutokea yakiwa na alama kwamba yamelipiwa. Siku unapoacha kulipa, yanaondoka, na kulipia hakukupandishi kwenye matokeo ya kawaida. Kuhusu yule wa siku saba, miongozo ya Google inasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba kazi ya kuboresha tovuti kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kabla ya kuonyesha faida. Muulize kuhusu hilo uone atakavyotazama saa.

Kuna mtego mwingine mdogo. Mwenye duka hutafuta jina lake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, akiwa ameketi ndani ya duka lake, kisha anafurahi: "Niko wa kwanza!" Ungekuwa wa ngapi tena? Mwombe shemeji yako aliye upande mwingine wa mji aandike bidhaa bila jina lako, ndipo ujue ulipo.

"Wafuasi wengi, wateja wengi"

Wafuasi wa kununua hawali samaki. Akaunti elfu tano kutoka nchi ambazo watu wake hawajawahi kusikia ufukwe wa Dunga hazitakuja jioni kuulizia mbuta wa kukaanga, na zinaposhindwa hata kugusa unachochapisha, mfumo unahesabu kwamba kazi yako haina mvuto na kuwaonyesha wengine wachache zaidi. Ukitaka kubusti chapisho, yaani kulipia lionyeshwe kwa watu wengi zaidi, angalau chagua eneo: Kisumu na viunga vyake. Nimekuta tangazo la kuuza chakula cha mchana lililolipiwa lifike Kenya nzima. Nani atatoka Garissa kuja kula?

"Naweka status kila asubuhi, dunia yote inaniona"

Status ya WhatsApp hukaa saa 24, na humfikia tu mtu ambaye umehifadhi nambari yake naye amehifadhi yako. Mpita njia hawezi kuiona. Hata ujumbe unaoutuma kwa mpigo kwa orodha ya wateja humfikia yule tu aliye na nambari yako kwenye simu yake. Kwa hiyo status ni chombo cha kuwakumbusha wanaokujua tayari, na kwa kazi hiyo ni kizuri sana. Mteja anapolipa, mwambie papo hapo: "Dada, nihifadhi kwa jina la duka, nami nakuhifadhi." Sekunde kumi.

Weka WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka 2018, ambayo ina katalogi ya bidhaa na bei pamoja na saa za kazi. Ukitengeneza kiungo cha wa.me cha kuweka Facebook au kwenye bango, nambari ianze na 254 bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Kiungo chenye 07 hakifungui mazungumzo nawe, na kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kuliko lingine lolote.

"Bei ni siri, anayetaka aje inboksi"

Hapa ndipo tunapobishana zaidi na wateja wangu, nami nawaelewa. Wanahofia jirani ataona bei na kushusha yake shilingi hamsini. Wanasema mbao hupanda na kushuka, kwamba kitanda cha mvule na cha saiprasi si kitu kimoja, kwamba Mkisumu lazima apewe nafasi ya kuvutana. Yote kweli.

Lakini fikiria upande wa pili wa simu. Mtu ameona picha, akauliza bei mbele ya watu, akajibiwa "check inbox". Akasubiri. Wewe ulikuwa unapiga randa, ulijibu saa tatu baadaye. Yeye alishauliza wengine wanne na mmoja akasema "kuanzia 12,000, mbao ya saiprasi, futi tano kwa sita". Huyo amepata mteja kabla hujaosha mikono. Na jirani unayemficha bei? Alimtuma mtu kuuliza tangu wiki iliyopita.

Bei ya kuanzia inatosha. Sema kinachoifanya ipande, na uiandike kwa maneno kwenye chapisho lenyewe. Watu wetu wanapenda mabango ya rangi saba, bei na simu na mahali vyote vikiwa ndani ya picha, na maneno hayo ni magumu kupatikana kwa kutafuta kuliko yaliyoandikwa chini yake. Mteja hawezi hata kunakili nambari yako kwa urahisi.

Kuna jambo linalokwenda na bei ambalo halitajwi sana. Mteja akikubali kulipa kabla ya kutumiwa mzigo, anaingiza nambari ya till, ile ya kulipia biashara, na M-Pesa inamwonyesha jina. Ukurasa unaitwa hivi, till inaitwa vile, jina la shemeji aliyekuazima. Mtu aliyewahi kutapeliwa, na ni wengi, anafuta hapo hapo. Jina moja kwenye ubao, ramani, Facebook na till linafanya kazi ambayo tangazo haliwezi.

"Heri nisiwe na maoni kuliko kuwa na mabaya"

Wasifu usio na maoni hata moja unafanana na hoteli isiyo na mtu saa saba mchana. Unaingia?

Kutoa soda au punguzo ili upewe nyota tano ni kinyume cha masharti ya Google, sawa na kuwaomba binamu zako wasiowahi kukanyaga dukani. Kuomba tu kunaruhusiwa. Wasifu una kiungo chake cha maoni; kitume kwa WhatsApp siku mteja anapochukua kazi yake, furaha ikiwa bado ya moto. Lile baya hutaweza kulifuta kwa pesa. Unaweza kuliripoti likiwa la matusi au la uongo wa wazi, na Google ndiyo itakayoamua. Mengine yajibu kwa mistari miwili: pole, kilichotokea, utakachofanya. Anayesoma jibu lako ni mteja wa kesho, kwa hiyo usimkumbushe yule wa jana kwamba bado ana deni lako.

"Nijaze maneno mengi kwenye tovuti"

Bado kuna wanaolipisha pesa kwa kujaza maneno yaliyofichwa kwenye tovuti, sehemu iitwayo keywords. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Tuendelee.

"Picha nimepiga mimi, kwa hiyo ni yangu"

Saluni, wapambaji, washonaji, wote huuza kwa picha za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa taarifa yake binafsi, na kuitumia kujitangaza kunahitaji idhini yake. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuridhia. Wauza sare, mnisikie.

Omba kwa ujumbe wa WhatsApp ili jibu libaki. Akikataa, usimshurutishe, kuna njia nyingine. Mama mmoja wa Kondele hupiga rasta kutoka nyuma tu, kichwa kikiwa kimeinamishwa kidogo na mwanga wa mlangoni ukigusa mistari ya msuko. Wateja wake humrudishia picha zile zile wakiandika: "Mama, nataka hii, lakini ndefu."