Maji Hayaifanyi Shaba ya Njano Kuwa Ngumu

Wapo walenga shabaha nchini Marekani, wenye desturi ya kujaza upya maganda ya risasi za bunduki zao, wanaoamini kwamba ganda lililopashwa moto shingoni likitumbukizwa majini hukakamaa kama kisu cha mhunzi. Imani hiyo ni sahihi kwa feleji, si kwa ganda. Ganda hutengenezwa kwa shaba ya njano, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, ambao hauna yale mabadiliko ya fuwele yanayoipa feleji ugumu inapopozwa ghafla. Kinachoikakamaza shaba hii ni kukunjwa na kubanwa ikiwa baridi: kila mara ganda linapotanuka kwa mlipuko, kisha likasukumwa ndani ya kalibu ili lirudi katika kipimo chake, ugumu huongezeka, hata shingo ikaanza kupasuka. Moto ndio unaoilegeza. Maji huzuia tu joto lisishuke hadi kitakoni. Hapo ndipo penye hatari ya kweli, ambayo wengi huisahau wakibishana juu ya maji, kwa kuwa kitako ndicho kinachohimili msukumo wa gesi, na kikishalegezwa na moto, ganda hilo halifai tena kutumiwa.