Mombasa siku tatu na watoto, bila gari: yanayosemwa na yalivyo

Familia nyingi za Nairobi huahirisha safari ya Mombasa mwaka baada ya mwaka kwa sababu hazina gari. Nyingine huenda, zikarudi zimechoka, lawama zote zikaangukia treni. Lakini reli yenyewe, ile ya kisasa iitwayo SGR, kilomita 472 kutoka Nairobi hadi pwani, ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Safari huharibikia kwenye ncha zake mbili: kutoka mlangoni kwako hadi stesheni ya Syokimau, na kutoka stesheni ya Miritini hadi kitandani. Dhana potofu karibu zote zinazozungumzwa kuhusu safari hii zinatokana na kuzisahau ncha hizo.

“SGR inakushusha Mombasa mjini”

Haikushushi mjini. Tangu Madaraka Express, treni ya SGR, ianze kubeba abiria mwaka 2017, stesheni yake ya Mombasa ni Miritini, upande wa bara, zaidi ya kilomita kumi kutoka kisiwani. Ukitoka getini utakuta matatu na teksi zikingoja. Matatu hupitia Changamwe, ikavuka Makupa, ndipo ikaingia mjini, na njia hiyohiyo ndiyo ya malori ya bandarini. Hesabu saa nzima tangu treni isimame hadi mfike mnapolala, na jioni zaidi ya hapo. Watoto waende msalani wangali ndani ya stesheni. Ukishapanda matatu, hakuna pa kusimama mpaka mjini.

Upande wa Nairobi mambo ni yaleyale. Stesheni kuu ya SGR iko Syokimau, nje ya jiji. Kuna treni ndogo inayotoka Stesheni Kuu ya zamani, pale chini ya Haile Selassie Avenue, na ratiba yake imepangwa ili iwahi treni kubwa. Tiketi yake ni tofauti na ile ya Mombasa. Kwa familia inayokaa karibu na katikati ya jiji, hiyo ndiyo njia ya kutegemea, maana foleni ya Barabara ya Mombasa haiigusi. Anayekaa Kitengela au Mlolongo hana haja ya kuingia mjini kwanza.

Kwa haki, basi lina jambo moja linaloishinda treni: mabasi mengi ya Nairobi humshusha abiria Mwembe Tayari, katikati ya mji. Ila kwa mtoto wa miaka mitano, saa nane au tisa kwenye kiti kimoja ni adhabu. Kwenye treni anaweza kuinuka, akatembea hadi msalani, akarudi dirishani.

“Panda treni ya usiku, utaokoa pesa ya malazi”

Ushauri huu unawafaa vijana wanaosafiri peke yao. Kwa familia, ndio unaoharibu safari nyingi kuliko mwingine wowote. Treni inayotoka Nairobi saa nne usiku hufika Miritini yapata saa tisa na nusu, usiku bado mkubwa. Haina vitanda. Viti vya daraja la kawaida vimepangwa vikitazamana, vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, na migongo yake hailali. Mtoto atalala mapajani mwako, wewe hutalala kabisa. Hoteli nyingi hupokea wageni kuanzia saa nane mchana. Kutoka saa kumi alfajiri hadi saa nane mchana ni saa kumi za kuzunguka na mabegi na watoto wenye usingizi, na mara nyingi mzazi huishia kulipia chumba cha usiku uliopita ili wapate pa kujinyoosha. Pesa aliyodhani ameiokoa imekwenda.

Treni ya saa tisa alasiri ndiyo ya haraka, lakini hufika yapata saa mbili usiku, na giza huingia kabla hamjaimaliza Tsavo. Ukiichagua, panga mapema na dereva wa teksi atakayewapokea, wala usianze kutafuta matatu saa hiyo.

Kwa wenye watoto, treni bora ni ya saa mbili asubuhi. Husimama njiani, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, kwa hiyo huchukua kama saa sita. Wengi huikwepa kwa sababu hiyo, na hapo ndipo wanapokosea. Inapita Tsavo mchana kweupe, na baada ya Mtito Andei watoto wakae dirishani, maana tembo wa huko hujipaka udongo mwekundu hadi wakafanana na vichuguu. Halafu mnafika saa nane mchana, wakati chumba kiko tayari na bado kuna mwanga wa kuwahi ufukwe wa karibu.

“Mtoto halipi”

Inategemea umri, na umri huhesabiwa siku ya safari. Chini ya miaka mitatu hulipi, ila hana kiti chake, utampakata. Kuanzia mitatu hadi kumi na mmoja analipa nusu. Akitimiza kumi na miwili, nauli yake ni ya mtu mzima. Kwa nauli zilizoanza Januari 2024, shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, wazazi wawili wenye watoto wa miaka tisa, mitano na miwili watalipa 4,500 kwenda, yaani 9,000 kwenda na kurudi. Daraja la kwanza ni 27,000. Tofauti ya 18,000 ni pesa ya malazi. Safari ikiwa ya mchana, mimi ningeiweka huko. Zaidi ya hayo, vile viti vinavyotazamana vya daraja la kawaida vinaifaa familia: mnakaa kama mezani.

Tiketi hununuliwa mtandaoni au kwa simu kupitia *639#, na malipo ni kwa M-Pesa. Kosa linalojirudia ni kuweka nafasi kisha kuchelewa kulipa, na nafasi isiyolipiwa kwa wakati hufutwa yenyewe. Hakikisha pesa iko kwenye simu kabla hujaanza. Jaza nambari za vitambulisho kama zilivyo, uende na vitambulisho halisi, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto iwe mkobani.

Na anza na tiketi ya kurudi. Watu hukimbilia ya kwenda, wakaja kugundua kwamba Jumapili ya mwisho wa likizo ya shule, Aprili, Agosti au Desemba, imekwisha zamani. Nafasi ya kwenda mara nyingi unaweza kuisogeza kwa siku moja. Ya kurudi ina shule na kazi nyuma yake.

“Ukifika dakika kumi kabla, unapanda”

Kwa treni hii utaachwa. Ukifika Syokimau mabegi hupangwa mstari chini, abiria husogea pembeni, mbwa wa polisi hupita wakinusa. Baadaye kuna mashine ya kukagua mizigo na ukaguzi wa mwili, ndipo mchapishe tiketi na kupanda ghorofani kungoja. Fika saa moja kabla, na siku za sikukuu ongeza nusu saa. Mwambie mtoto mapema kuhusu mbwa, maana wengi hulia kwa kushtukizwa tu.

Kisu cha matunda kitabaki hapo, pombe pia, na makopo ya dawa ya kupuliza. Maembe yakatwe nyumbani, yatiwe kwenye kikopo chenye kifuniko, na uma wa mti. Maji yabebeni kwenye chupa za kujaza tena: tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji na mirija, zimepigwa marufuku kwenye fukwe na mbuga za Kenya.

Mizigo iwe ya mgongoni, begi moja kwa kila mtu mzima, ili mikono ibaki ya kushika watoto. Kigari cha kusukuma mtoto hakina mahali kwenye matatu ya abiria kumi na wanne. Mbeleko ya leso itakufaa popote.

“Tuktuk ni rahisi kuliko matatu”

Kwa watu wawili au watatu, ndiyo. Kiti cha nyuma cha tuktuk ni cha watu watatu, kwa hiyo familia ya watano inakodi mbili, na gharama inakuwa mara mbili. Tuktuk itumieni kwa vipande vifupi vya ndani ya kisiwa, kama kutoka Digo Road hadi Fort Jesus kukiwa na jua kali, na mpatane bei kabla ya kukaa. Mkiwa mnaenda mbali, pandeni matatu. Kwenye matatu kanuni ni moja: mtoto anayekalia kiti analipa, wa kupakatwa halipi. Hilo limalizeni na makanga mkiwa bado chini, si mkiwa mmeshafika Kongowea. Wekeni noti za hamsini na mia mfukoni. Mvua ikinyesha, au ikifika saa za watu kutoka kazini, nauli hupanda. Mkitoka ufukweni kabla ya saa kumi na moja jioni mtalipa kidogo na kupata viti.

“Siku tatu zinatosha Fort Jesus, Nyali, Haller Park na Diani”

Zinatosha kuviona vyote kupitia dirishani. Angalia Diani peke yake: matatu hadi feri, kuvuka Likoni, matatu ya Ukunda, kisha chombo kingine hadi ufukweni. Kuteremka na kupanda mara nne kwenda, mara nne kurudi. Kuvuka kwa miguu Likoni ni bure, na watoto huifurahia feri, lakini asubuhi na jioni umati ni mkubwa. Shika mtoto mkono, si begi lake, na msisogee mlangoni mpaka chombo kimegota. Kama moyo wenu uko Diani, basi nendeni Diani tu: kodini gari pale Miritini, mpite barabara ya Dongo Kundu inayofika Pwani Kusini bila feri, na kisiwa kisubiri safari nyingine.

Mkichagua kisiwa na Pwani Kaskazini, kila kitu kinapangika. Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi, nanyi muwe mlangoni saa hiyo, kwa kuwa ua wake wa mawe huwaka jua kufikia saa tano. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Ngome ilianzwa na Wareno mwaka 1593, lakini kwa mtoto tarehe hiyo haina uzito. Mpeleke kwenye mifupa ya nyangumi, kisha kwenye vitu vilivyotolewa baharini kutoka Santo António de Tanná, meli iliyozama mwaka 1697 hapo mbele ya ngome wakati ngome imezingirwa. Mkitoka, Mji wa Kale uko hatua chache, na mahamri kwa mbaazi ni kifungua kinywa kisichohitaji hoteli.

Pirates, ufukwe wa umma usio na kiingilio, na Haller Park, bustani ya wanyama, ziko kwenye barabara moja ya kuelekea Malindi. Matatu za Bamburi na Mtwapa hupita zote mbili. Wekeni siku moja kwa hizo mbili, na mwendo kati yao ni mfupi.

“Bahari iko palepale, nenda saa yoyote”

Hili ndilo linalowaangusha watu wa bara. Maji hujaa na kupwa, kila moja kwa kama saa sita, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Yakijaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na moja kasoro. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, na kati yake huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Pwani hii bamvua ina tabia yake: maji hukupwa sana yapata saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa jioni, saa kumi au kumi na moja. Familia ikifika Pirates saa nne asubuhi siku za bamvua, itakuta bahari imerudi mbali, imebaki mchanga, nyasi za baharini na vidimbwi. Hapo si pa kuogelea, ila ni pazuri kwa mtoto kuchungulia kaa na samaki wadogo, mradi avae viatu, kwa sababu miamba ina viumbe wenye miiba. Siku hizo asubuhi iwe ya Fort Jesus, na bahari iwe ya alasiri. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, basi anzeni na bahari. Angalia mwezi kwenye kalenda kabla ya kuchagua tarehe, na thibitisha kwa jedwali la maji la Kilindini.

Kuhusu mvua: Aprili na Mei ni masika. Pasaka ikiangukia hapo, chukueni malazi mnayoweza kukaa ndani bila kuchoka.

Siku ya kurudi, treni ya saa tisa alasiri huondoka Miritini na kufika Syokimau yapata saa mbili usiku. Saa sita na nusu mchana muwe mmeshapanda matatu mjini, mmekula, na watoto wamevaa nguo kavu. Masweta yawe juu kabisa ya begi: Syokimau usiku ina baridi, na mtoto aliyeshinda kwenye jua la Mombasa huihisi mara tu mlango wa behewa unapofunguliwa.